Madaftari ya Rungwe

Mwaka 1993 wasomaji wa Mbeya walipata kitabu cha Kiswahili kiitwacho Wa-Konde: Maisha, Mila na Desturi za Wanyakyusa. Kilitolewa palepale Mbeya na Motheco, wachapishaji wa Moravian, lakini mwandishi wake hakuwa mtu wa siku hizo. Theodor Meyer, mmishonari Mjerumani, alianza kuandika mambo hayo mwaka 1891 alipofika Rungwe, akaendelea hadi 1916, mwaka ambao vita vilimng'oa. Hata Wajerumani wenzake walisubiri sana, kwani kwao maandiko hayo yalichapwa mwaka 1989. Kwa hiyo Mnyakyusa aliyetaka kusoma kwa Kiswahili yale ambayo mgeni aliandika kuhusu babu wa babu yake alingoja miaka 77 tangu kalamu ilipowekwa chini.

Nimeanza na kitabu hiki kwa sababu jambo lililompata Meyer linawapata wengi kule Rungwe, kwa kiwango cha nyumbani. Mzee wa kanisa anafariki. Koti lake linapata mrithi, mashamba ya migomba na chai yana wenyewe, mke na watoto wanajulikana. Zinabaki kauntabuku tatu au nne juu ya kabati, zimejaa mwandiko wa kulala upande, na hakuna anayejua zifanyweje. Watoto wanaziheshimu mno kiasi cha kutozisoma. Wajukuu wangependa kuzisoma, ila Kinyakyusa cha kuandikwa kinawashinda. Mvua za Tukuyu, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, hazina heshima kwa yeyote.

Meyer hakuja peke yake. Walikuwa wanne waliotumwa na Wamoravian wa Herrnhut, mji mdogo wa Saxony huko Ujerumani: yeye kama kiongozi, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Mwaka mmoja kabla, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekubaliana mipaka ya makoloni yao, na nchi ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa ikawa ya Wajerumani kwenye karatasi. Njia ya kuifikia, hata hivyo, haikupitia Dar es Salaam. Walishuka pwani ya Msumbiji, wakapanda mto Zambezi na Shire, wakavuka ziwa hadi Karonga, kisha miguu ikafanya kazi iliyobaki. Agosti 1891 Meyer alikuwa chini ya mlima Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000. Martin hakuumaliza mwaka ule, homa ilimchukua. Wamishonari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia mwaka huohuo, na ili wasigombanie watu, mashirika hayo mawili yaligawana nchi kwa mstari wa longitudo ya 34: Berlin mashariki, Moravian magharibi. Wenyeji hawakuulizwa. Hadi leo ukiuliza kwa nini ukoo huu ni Walutheri na jirani zao ng'ambo ya mto ni Wamoravian, jibu mara nyingi limo katika mstari huo uliochorwa na watu wasiowajua.

Ili kuelewa kwa nini Meyer aliandika sana, inabidi kwanza kuwajua Wamoravian wenyewe. Asili yao ni wafuasi wa Jan Hus, yule kasisi wa Prague aliyechomwa moto mwaka 1415. Wakimbizi wa imani hiyo walipata hifadhi katika shamba la mtawala mdogo, Zinzendorf, wakajenga Herrnhut kuanzia 1722. Miaka kumi baadaye walikuwa wanatuma wamishonari visiwa vya Karibi, kisha Greenland, kisha Afrika Kusini. Kanisa dogo namna hiyo lililotawanyika hivyo lilishikana kwa barua na shajara. Kila kituo kiliweka shajara, nakala zikapelekwa Herrnhut, na sehemu zake zikasambazwa tena ili mtu wa Greenland asikie habari za mtu wa Afrika Kusini. Tangu 1731 walichapa pia kitabu chenye fungu la Biblia la kila siku, lililopatikana kwa kura, na bado kinatoka kila mwaka. Kwa hiyo siku ya Mmoravian huanza na maneno ambayo hakuyachagua, na shajara yake huwa nusu jibu kwa maneno hayo.

Halafu kuna wasifu. Kwetu Tanzania hakuna mazishi bila wasifu wa marehemu. Mtu anasimama mbele ya jeneza na kipaza sauti, anasoma alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, aliugua nini, ameacha mke, watoto na wajukuu wangapi. Dakika kumi, imekwisha, michango inatangazwa. Wamoravian wa kale walikuwa na wasifu wa namna nyingine. Kila mwumini alitakiwa auandike mwenyewe akiwa hai, kwa nafsi ya kwanza, na humo ataje lini aliamini, lini alitilia shaka, dhambi ipi ilimsumbua, faraja aliipata wapi. Alipofariki, wengine waliongeza ugonjwa na saa ya mwisho tu, kisha ukasomwa kanisani. Maelfu kwa maelfu ya wasifu hizo zimehifadhiwa Herrnhut, za maaskofu, za wafinyanzi, za wajane. Naona huo ni urithi mkubwa kuliko majengo, ingawa ni majengo yaliyoufanya mji huo kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024.

Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo ndiye aliyefika kwa Wanyakyusa, watu ambao kumbukumbu yao haikuhitaji karatasi. Alikuta nyumba za mianzi zilizosifiwa na kila msafiri kwa usafi, kuanzia Mskoti Joseph Thomson aliyepita mwaka 1879. Ng'ombe walilala ndani, upande mmoja wa nyumba ndefu, na watu upande wa pili. Alikuta vijiji vilivyopangwa kwa rika: wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembezoni, wakirudi kula kwa mama zao kwa makundi, leo kwa huyu kesho kwa yule, na hatimaye kijiji kile cha watoto kikawa kijiji cha wanaume wenye wake na mifugo. Mkwe mwanamke hakuthubutu kukutana na baba mkwe njiani. Na juu ya hayo yote kulikuwa na ibada: kila malafyale, yaani chifu, na msitu wa mababu zake, na juu yao Lwembe wa Lubaga, ambaye uzima wake ulihesabiwa kuwa uzima wa nchi, mvua na uzazi vikimtegemea.

Hapa ndipo mcha Mungu anayeandika habari za wacha Mungu wengine anapopimwa. Ni rahisi kucheka. Duncan MacKenzie, mmishonari wa Kiskoti wa upande wa Karonga, alitoa kitabu mwaka 1925 kuhusu watu haohao, na katika jina la kitabu chenyewe amekwisha kutuambia kuwa wametawaliwa na mizimu. Meyer naye hakuja kujifunza dini mpya; alikuja kuibadilisha ile aliyoikuta. Lakini mtu akikaa robo karne mahali pamoja, akajua lugha, akazika watoto wa majirani na majirani wakamsaidia kuzika wenzake, daftari lake hubadilika hata kama mahubiri yake hayabadiliki. Mmishonari mwenzake, Traugott Bachmann wa Mbozi, alifika mbali zaidi: alianza na ukali dhidi ya desturi za Wanyiha, akaishia kuona kwamba nyingi kati yake hazikuwa na ubaya aliouhubiri, na akayaeleza hayo waziwazi katika kumbukumbu za maisha yake. Ukitaka kujua mtu alikuwa mcha Mungu wa aina gani, tafuta kurasa ambazo anajipinga mwenyewe. Mahubiri hayana kurasa hizo.

Kuna mtu mmoja katika historia hii ambaye ningetoa mengi kuona daftari lake, naye hakuwa nalo. Kwa miaka mitano na zaidi kituo cha Rungwe hakikubatiza mtu. Vituo viliongezeka, Rutenganio na Ipyana mwaka 1894, Utengule kwa chifu Merere mwaka 1895, nyumba zikajengwa, shule zikafunguliwa, na bado hakuna. Mwaka 1897 alibatizwa wa kwanza, mwanamke aliyeitwa Fiabarema, akachukua jina la Numwagile. Kila historia ya Moravian ya kusini inamtaja. Sentensi mbili, tatu, kisha habari zinarudi kwa wanaume. Kwa nini mwanamke? Vituo vile vilikuwa kimbilio la watu waliotoroka utumwa, wajane waliogombaniwa, watu waliopoteza ukoo wa kuwatetea, na wengi wao walikuwa wanawake. Mwenye ng'ombe, wake na kijiji cha marika yake alikuwa na mengi ya kupoteza akiingia kanisani, lakini asiye na kitu alikuwa na la kupata. Mwaka huohuo wa 1897 askari wa Kijerumani walipigana na Wanyakyusa, bunduki zikashinda, na baada ya hapo makao ya serikali yalihamishwa kutoka ufukwe wa ziwa hadi Tukuyu, wakapaita Neu-Langenburg. Ni vigumu kujua nani alikuja kanisani kwa ajili ya Neno na nani alikuja kwa sababu ulimwengu wake ulikuwa umepigwa. Pengine wenyewe wasingetenganisha.

Jina lile la Numwagile, hata hivyo, lilizaa ukoo wa majina. Ingia darasa lolote la Rungwe leo usikie akina Atupele, Tusajigwe, Ambakisye, Anyosisye, kila jina likiwa sentensi nzima ya mzazi mbele ya Mungu wake. Hizo nazo ni shajara, zilizoandikwa juu ya watoto.

Kwamba wanawake wa aina ya Fiabarema walikuwa na mengi ya kusema, tunajua kutokana na Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi miongoni mwa Wasafwa. Yeye aliwaketisha watu akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Kwa kalamu yake tunaye bibi Narwimba, aliyeishi enzi za kutekana na kuuzana, ambaye simulizi lake lilichapwa tena mwaka 1993 katika kitabu cha mwanahistoria Marcia Wright. Ni ile desturi ya wasifu imehamia kwa watu ambao Herrnhut haikuwafikiria ilipoianzisha.

Na si kila daftari la Rungwe lilikuwa la maneno. Kule Kyimbila aliishi Adolf Stolz, mtu wa misheni na wa biashara, ambaye ibada yake ya pili ilikuwa mimea. Alikusanya, akakausha, akaandika kibandiko cha mahali na tarehe, akapeleka Ulaya kwa mafungu. Mwaka 1915 mtaalamu Rudolf Schlechter aliipa jenasi nzima ya okidi jina la Stolzia. Ni mimea midogo inayotambaa juu ya magome ya miti ya misitu yenye ukungu. Unaweza kupita chini yake miaka yote usiione. Sehemu ya hazina ya mimea iliyokuwa Berlin iliteketea katika mashambulizi ya ndege Machi 1943. Ya mimea iliyoteketea, tunayo leo ile tu ambayo nakala zake zilikuwa zimegawiwa majumba mengine ya mimea. Wenye madaftari ya babu wafikirie jambo hilo kabla ya kumkabidhi ndugu mmoja nakala pekee.

Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia, Neu-Langenburg ikaanguka, na wamishonari wa Kijerumani wakachukuliwa mateka. Kwa muda wa karibu miaka kumi kanisa la Rungwe lilikuwa mikononi mwa walimu na wazee wa Kinyakyusa. Waskoti wa Livingstonia waliombwa walisimamie, lakini walikuwa wachache na mbali. Wajerumani waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, Oskar Gemuseus akaongoza, na walikuta kanisa limekua. Watu walikuwa wamefundishwa, wakazikwa, wakaombewa, na shule za vijiji zilikuwa zikiendelea. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, mambo yakajirudia.

Kwangu mimi miaka hiyo kumi ndiyo kiini cha historia ya Ukristo wa Rungwe, na ndiyo yenye karatasi chache kuliko yote. Mzungu alipokuwepo, kituo kilidaiwa shajara. Alipoondoka, hakuna aliyemdai mwalimu wa kijiji aandike alivyoamka, alivyohofia, alivyopatanisha ndugu wawili waliogombea ng'ombe wa mahari. Alidaiwa daftari la ubatizo. Na daftari la ubatizo ni safu tu: tarehe, jina la zamani, jina jipya, kijiji. Msomaji makini anaweza kutoa mengi humo, kwa mfano ni lini majina ya zamani yanaanza kubakizwa, au mwaka gani wanaume wanaanza kuwa wengi, lakini sauti ya mtu haimo. Wala watu wenye wake wengi hawamo, kwa kuwa kanisa halikuwabatiza. Wengi wao walilifurahia Last Church of God, kanisa alilolianzisha Jordan Msumba mwaka 1925, ambalo liliwapokea pamoja na wake zao wote. Hao nao walikuwa wacha Mungu, na walikuwa babu za watu.

Sauti ilirudi kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1934 Godfrey Wilson, Mwingereza kijana, alifika Rungwe, na mkewe Monica, aliyezaliwa Afrika Kusini kwa wazazi wamishonari, akaungana naye. Walikaa hadi 1938, wakiishi vijijini, na kila siku waliandika. Kutokana na madaftari hayo Monica alitoa vitabu vinne vikubwa, cha kwanza mwaka 1951 na cha mwisho 1977. Mumewe alikuwa amefariki mwaka 1944. Rafiki yao mkubwa kule alikuwa Kasitile, kuhani wa mvua. Katika kitabu cha 1959 kuhusu ibada za Wanyakyusa, Kasitile si mfano wa desturi fulani, ni mtu. Ana madeni, ana ugomvi wa jamaa, anaumwa na kujiuliza ni nani aliyemkasirikia, anaijua misheni na kuipima. Hakuandika neno, na bado sijui mcha Mungu mwingine wa Rungwe wa wakati ule ambaye siku zake tunazijua kwa ukaribu huo. Meyer na Kasitile wangekuwa na mengi ya kuzungumza, hasa juu ya mvua.

Madaftari ya kina Wilson yapo Chuo Kikuu cha Cape Town, na hayakuandikwa na mikono miwili tu. Karani wao, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910, alikwenda penye misiba na mashauri, akasikiliza, akarudi kuandika kwa Kinyakyusa. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa kwenye shukrani za mwanzo wa kitabu, pale ambapo macho hupita haraka. Mwaka 2013 Andrew Bank na Leslie Bank walihariri kitabu kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, na humo Mwaisumo amepewa sura nzima.

Turudi kwenye zile kauntabuku juu ya kabati. Ndani yake kwa kawaida mna kila kitu kwa pamoja: kilo za majani mabichi ya chai zilizopimwa wiki hiyo, ng'ombe aliyezaa, somo la Jumapili, jina la aliyekopa mbolea, michango ya msiba wa jirani, ombi la mtoto apone. Wajukuu wasomi wakizipata huwa wanataka kutenganisha, wachape maombi na mafundisho, hesabu ziachwe. Mimi ningechapa hesabu. Mzee aliyeandika kwamba alimsamehe fulani deni la mwaka mzima ametuambia juu ya imani yake zaidi ya mahubiri kumi. Na kama kuna ukurasa wa kumtaja mwanamke ambaye ukoo haumtaji, au shamba lililopatikana kwa njia isiyosemwa, ukurasa huo usichanwe. Picha za simu zinatosha kwa kuanzia, mradi picha ziende kwa ndugu zaidi ya mmoja, na mradi mtu mzima anayejua Kinyakyusa akae na kijana amtajie nani ni nani, kwa sababu mzee aliandika «yule wa Kiwira» akiwa na hakika kwamba kila mtu anamjua.

Motheco walimfanyia Meyer kazi nzuri mwaka 1993. Walimtoa kwenye Kijerumani wakamleta kwenye lugha ambayo wajukuu wa aliowaandika wanaweza kumkubali au kumkatalia. Ningependa kuona wa pili katika mfululizo huo akiwa Leonard Mwaisumo: Kinyakyusa chake upande wa kushoto kama alivyokiandika, Kiswahili upande wa kulia, na jina lake juu ya jalada.